Nina Barua Tatu za Udahili wa Udaktari: Nichague Chuo Kipi?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni binti wa miaka 19. Nimefaulu vizuri masomo ya sayansi, na tangu nikiwa mdogo sijawahi kutamani kazi nyingine isipokuwa udaktari. Niliomba nafasi katika vyuo vitano, vitatu vikanikubali, na tangu siku hiyo sipati usingizi, kwa sababu nyumbani kila mtu ana chuo chake.

Chuo cha kwanza ni kikongwe na jina lake linajulikana na kila mtu. Hospitali yake ni ya kibingwa, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza ni zaidi ya 300. Ada yake ni kubwa kiasi kwamba Baba atalazimika kukopa, lakini yuko tayari, kwa kuwa anaamini kwamba jina la chuo litanitangulia popote nitakapokwenda kutafuta kazi. Chuo cha pili kilianzishwa miaka minne iliyopita na bado hakijatoa mhitimu hata mmoja. Huchukua wanafunzi 60 tu kwa mwaka na kinatumia hospitali ya umma ya kawaida, siyo ya kibingwa. Nilikitembelea nikakuta majengo mawili na maktaba ndogo, ingawa mhadhiri mmoja aliketi nami karibu nusu saa akijibu maswali yangu. Ada yake tunaimudu.

Chuo cha tatu kiko nje ya nchi. Mjomba alimleta nyumbani wakala wake, ambaye anasema kwamba masomo yote ni kwa Kiingereza, hakuna mtihani wa kuingilia, hosteli ni mpya, na shahada yake inatambulika kimataifa. Alituachia kijitabu chenye picha nzuri sana, na anataka tulipe fedha ya kushikilia nafasi kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu nafasi zinajaa.

Ndoto yangu ni kuwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, na ningependa kufanya kazi nje ya nchi kwa miaka michache kabla ya kurudi. Rafiki yangu ananiambia nisijisumbue, shahada ni shahada. Je, jina la chuo lina uzito kiasi hicho? Je, ni upumbavu kujiunga na chuo ambacho hakijahitimisha mtu? Nimebakiwa na wiki tatu za kujibu.

Binti wa Barua Tatu

*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kukubaliwa na vyuo vitatu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenieleza habari za majengo, maktaba, hosteli, ada, Baba, Mjomba na wakala, lakini mgonjwa hayumo. Sikulaumu, maana hata vijitabu vya vyuo vyenyewe humsahau: utaona vijana wenye makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani, wakitazama kwa makini chupa za maji ya rangi. Nimefundisha wodini kwa miaka mingi na sijapata kuona mwanafunzi aliyetibu mtu kwa maji ya rangi. Nitakujibu basi kwa kumrudisha mgonjwa mahali pake, lakini kwanza nimalizane na jambo la leseni, kwa sababu hilo likiharibika, mengine yote hayana faida.

Rafiki yako anakosea. Shahada hutolewa na chuo, lakini ruhusa ya kutibu hutolewa na baraza la madaktari la nchi unayotaka kufanyia kazi, na baraza hilo halilazimiki kuikubali kila shahada inayoletwa mbele yake. Nchi moja hutofautiana na nyingine. Umoja wa Ulaya unataka mafunzo ya msingi ya udaktari yasiyopungua miaka 5 na saa 5,500 za nadharia na vitendo. India, kwa kanuni zake za mwaka 2021, inamtaka mhitimu wa chuo cha nje awe amesoma kozi isiyopungua miezi 54, kisha afanye mafunzo kazini ya miezi 12 katika chuo kile kile cha nje, na bado kuna mtihani na mafunzo mengine yanayomsubiri akirudi. Marekani, kwa kawaida, humpitisha mhitimu wa nje katika mitihani yake yenyewe na kisha katika miaka ya mafunzo ya ubingwa ndani ya hospitali zake. Ukiyatazama mambo hayo utaelewa kwa nini maneno “inatambulika kimataifa” hayana maana yoyote mpaka mtu akuambie inatambulika na nani, kwa sharti gani, na kwa wahitimu wa miaka ipi.

Wakala huenda akakuonyesha kwamba chuo chake kimo katika Orodha ya Dunia ya Vyuo vya Udaktari, ile iliyoanza kutolewa mwaka 2014 na Shirikisho la Dunia la Elimu ya Udaktari pamoja na wenzao wa FAIMER, taasisi ya Marekani inayoshughulikia elimu ya udaktari ya kimataifa. Ni kweli kwamba chuo kisichokuwemo humo kinapaswa kukutia shaka kubwa; hata hivyo, waandaaji wa orodha wenyewe wanasema wazi kwamba kuorodheshwa hakumaanishi kuthibitishwa. Shirikisho hilo lenyewe halikagui chuo kimoja kimoja. Linayatambua mashirika ya ithibati ya nchi mbalimbali, na mashirika hayo ndiyo yanayokagua vyuo. Kwa hiyo swali lako kwa kila chuo liwe hili: ni shirika gani limekupa ithibati, inaisha lini, na je, shirika hilo linatambuliwa na Shirikisho? Baada ya hapo liandikie baraza la madaktari la nchini mwako na la nchi ile unayoitamani, uliza kama wanawasajili wahitimu wa chuo hicho, na uombe jibu la maandishi. Jibu la simu halitakusaidia miaka sita baadaye, wakati afisa aliyekujibu ameshahamia idara nyingine.

Sasa nije kwenye chuo cha tatu. Masomo kwa Kiingereza, sawa, lakini je, mgonjwa anazungumza lugha gani? Sehemu kubwa ya utambuzi wa ugonjwa hutokana na maelezo ya mgonjwa mwenyewe: maumivu yalianzaje, yanahama au yametulia mahali pamoja, yanaamka usiku, yanapungua ukiinama. Nimewahi kumpokea kijana aliyekuwa amesomea katika nchi ambayo lugha yake hakuijua. Kwa miaka mitatu ya wodini alikuwa akisimama kando huku mwenzake mwenyeji akimhoji mgonjwa, kisha akinong'onezewa muhtasari. Alikuja kwetu akiwa na alama nzuri sana katika vyeti vyake. Siku ya kwanza nilimpa mama mwenye maumivu ya kifua. Baada ya dakika mbili maswali yalikuwa yamemwishia, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye ningepaswa kumnong'oneza. Hakuwa mvivu wala mjinga. Alikosa tu mazoezi ambayo chuo kilimwahidi na hakikumpa. Ikiwa chuo hicho kina mwaka mzima wa lugha kabla ya wodi, na mtihani wa lugha unaokwamisha watu kweli, hilo ni jambo jingine. Wakala hakulitaja, nami naona angelitaja kama lingekuwepo.

Kuna pia mambo ambayo si kosa la chuo. Mwaka 2020 mipaka ya China ilifungwa kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi wa kigeni wa udaktari waliokuwa wamerudi makwao walibaki wakisoma kwa intaneti kwa zaidi ya miaka miwili. Si kila baraza lilikubali vitendo vilivyofanyika kwenye skrini. Mwaka 2022 vita viliwalazimisha maelfu ya wanafunzi wa udaktari kutoka nchi za nje kuondoka Ukraine wakiwa katikati ya masomo. Sisemi haya ili kukutisha usivuke mpaka, kwa kuwa nami nimesoma na wenzangu waliosomea mbali wakarudi madaktari hodari. Nataka tu ujue kwamba ukisomea nje unapaswa kuuliza swali ambalo wa nyumbani halimsumbui sana: nikilazimika kuondoka mwaka wa nne, ni chuo gani kitanipokea, na alama zangu zitahesabiwa? Na kuhusu wakala, mweleze Mjomba kwa heshima zote kwamba mara nyingi mawakala hulipwa na chuo kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Fedha ya kushikilia nafasi isilipwe kabla ya jibu la baraza.

Turudi kwa mgonjwa. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu ambaye hakuwa daktari, alitoa ripoti yake baada ya kuzunguka vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada. Vingi alivikuta vikijisifu kwa maabara ambazo hazikuwa na kitu, na kwa hospitali ambazo wanafunzi waliziona kwa mbali tu, na katika miaka iliyofuata vyuo vingi vya aina hiyo vilifungwa. Kabla yake daktari William Osler, katika chuo cha udaktari cha Johns Hopkins kilichofunguliwa mwaka 1893, alikuwa ameshawaondoa wanafunzi kwenye viti vya ukumbi na kuwakabidhi wagonjwa wodini, na baadaye alisema hakuhitaji maandishi mengine kaburini mwake zaidi ya kwamba alifundisha wanafunzi wodini. Zaidi ya miaka mia moja imepita, lakini mtu anayechagua chuo leo anaweza kutumia kipimo kile kile: mwanafunzi anamgusa mgonjwa mara ngapi, na nani anamtazama anapomgusa?

Nikupe mfano. Katika hospitali moja niliyofundisha, raundi ya asubuhi ilikuwa na wanafunzi 34 kuzunguka kitanda kimoja. Siku hiyo mgonjwa alikuwa na bandama iliyovimba mpaka karibu na kitovu, jambo ambalo kila mwanafunzi angepaswa kulihisi kwa vidole vyake. Wanne au watano wa mbele waliweka mikono, mgonjwa akachoka, tukaendelea. Mwishoni mwa mwaka, kijana mmoja aliyekuwa akisimama nyuma kila siku alipewa katika mtihani mgonjwa wa namna hiyo hiyo. Alianza kutomasa juu kabisa, chini ya mbavu za kushoto, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa tayari umelala juu ya bandama yenyewe, hakukutana na ukingo wowote, akatuambia kwamba tumbo halina tatizo. Aliyewahi kutomasa hata mara tatu huanzia chini upande wa kulia, akapanda taratibu kuelekea mbavu za kushoto huku akimwomba mgonjwa avute pumzi, mpaka ukingo umguse kidoleni. Kijana yule alikuwa amesoma utaratibu huo kitabuni, na angeweza kuukariri mbele yako neno kwa neno.

Kwa sababu hiyo, idadi ya 300 uliyoitaja inanisumbua zaidi kuliko maktaba ndogo ya chuo cha pili. Vitabu siku hizi vinasomeka kwenye simu, lakini bandama haisomeki. Idadi hiyo peke yake, hata hivyo, haitoshi kukihukumu chuo. Wanafunzi 300 waliogawanywa katika hospitali tano wanaweza kuwa na nafasi kuliko 60 waliorundikwa katika hospitali moja yenye vitanda vichache. Uliza ni wanafunzi wangapi kwa kila kitanda na kwa kila daktari anayefundisha.

Jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalitambui ni kwamba hospitali ya kibingwa si lazima iwe mahali pazuri zaidi pa kuanzia. Wagonjwa wake wengi hufika wakiwa na barua ya rufaa na jina la ugonjwa limeshaandikwa, hivyo kwamba mwanafunzi hujifunza matibabu ya maradhi adimu kabla hajajifunza kumtambua mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha. Aidha, kuna foleni ya mikono: daktari bingwa, wanaosomea ubingwa, madaktari walio katika mafunzo kazini, wanafunzi wa ukunga, na wewe mwishoni kabisa. Kwa mtu anayetaka kuwa bingwa wa uzazi, hilo ni jambo zito. Waulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho swali moja tu: umezalisha akina mama wangapi kwa mikono yako? Kisha omba kuona daftari la vitendo, lile ambalo husainiwa kila unapofanya jambo wodini. Ukikuta saini kumi na tano za tarehe moja, kwa kalamu moja, huku wino ukiwa haujapishana, umeshajibiwa.

Chuo kipya nacho kina magonjwa yake. Katika nchi nyingi ithibati hutolewa kwa hatua, na ile kamili haiji mpaka kundi la kwanza lihitimu, kwa hiyo kutokuwa na wahitimu si aibu wala si upumbavu kujiunga. Kinachotakiwa ni kuwa hatua zote zilizopaswa kuwa zimepitwa ziwe zimepitwa, na kuwepo maandishi yanayosema wanafunzi watapelekwa wapi ikiwa hatua inayofuata itakwama. Ugonjwa mkubwa zaidi ni uhaba wa walimu, hasa wa anatomia, yaani maumbile ya mwili, na patholojia, yaani jinsi ugonjwa unavyoubadilisha mwili. Utakuta mhadhiri wa kuazima anafika Alhamisi, anamwaga masomo ya wiki tatu mpaka Jumamosi jioni, kisha haonekani mpaka muhula ujao. Uliza majina ya walimu wa kudumu wa idara nne: tiba ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi. Mhadhiri aliyekupa nusu saa yake ni dalili njema, lakini usijenge miaka sita juu ya mtu mmoja mkarimu.

Utasikia mengi kuhusu mitaala, kama vile masomo yanayoanzia kwenye tatizo la mgonjwa badala ya mihadhara, mtindo ulioanza katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 1969. Nimeona madaktari wazuri na wabaya kutoka kwenye mitindo yote miwili. Usilikoseshee usingizi hilo.

Takwimu za kufaulu, kinyume chake, zitazame kwa macho makali. Chuo kinachotangaza kwamba karibu wote waliofanya mtihani wa mwisho wamefaulu kinaweza kuwa kinasema kweli tupu, huku kikiwa kimewazuia dhaifu wasiufanye. Hesabu inayofaa ni ya walioingia mwaka wa kwanza: wangapi walimaliza kwa wakati, wangapi walirudia mwaka, wangapi waliondolewa, na wangapi wana leseni leo. Hapo hapo uliza mwanafunzi akifeli somo moja hufanywaje, na akiugua au akizidiwa na mawazo huenda kwa nani. Uchambuzi mkubwa wa tafiti kutoka nchi 43, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kwamba zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na sonona au dalili zake. Chuo kinachokujibu kwamba kwao hakuna tatizo hilo ni chuo ambacho hakijauliza.

Baba yako ana haki ya kusikilizwa kuhusu jina. Katika nchi zenye ushindani wa nafasi za ubingwa, chuo kinachojulikana hukusaidia kupata walimu wa kukuandikia barua, utafiti wa kushiriki, na wahitimu waliotangulia wa kukushika mkono. Faida hiyo ipo, ingawa hupungua mwaka hadi mwaka kadiri kazi yako inavyoanza kujulikana yenyewe. Mweleze kwamba deni, kwa upande wake, hudumu: nimewaona vijana waliopenda tiba ya watoto wakakimbilia idara yenye malipo makubwa kwa sababu nyumbani kulikuwa na mkopo unaosubiri. Kabla hajatia saini, mkae pamoja mhesabu miaka yote, ikiwemo ya kurudia, kwa sababu udaktari mara nyingi hauishi katika miaka iliyoandikwa kwenye barua ya udahili.

Kama ungekuwa binti yangu, chuo cha tatu ningekiweka kando leo, na ningekirudisha mezani ikiwa tu baraza litajibu kwa maandishi na chuo kitaonyesha jinsi kinavyofundisha lugha ya wagonjwa. Kati ya viwili vilivyobaki, moyo wangu uko kwa cha pili, kwa masharti mawili: kwamba hatua zake za ithibati zimekamilika kama zinavyotakiwa kwa umri wake, na kwamba idara nne nilizozitaja zina walimu wa kudumu. Sharti moja likikosekana, nenda cha kwanza, na jiandae kupigania nafasi ya mbele ya kitanda kuanzia siku ya kwanza.

Wiki ya kwanza iwe ya barua za mabaraza. Ya pili omba ruhusa uzitembelee hospitali zote mbili za karibu, ufike wodini saa tatu asubuhi siku ya kazi, siyo siku ya wageni. Simama pembeni uhesabu vichwa kwenye raundi, kisha uangalie kama daktari anawauliza wanafunzi au anaongea peke yake, na kama wanamwita mgonjwa kwa jina lake au kwa namba ya kitanda. Saa saba mchana watafute wanafunzi wa mwaka wa juu kabisa waliopo, mbali na walimu wao, uwaulize habari za daftari. Katika chuo cha pili hao watakuwa wa mwaka wa nne, ambao huenda ndio kwanza wameanza kuzoea wodi, kwa hiyo wape nafasi waeleze walichoahidiwa na walichokikuta. Ukipata majibu ya mabaraza kabla ya wiki ya tatu, niandikie, na uniambatishie nakala zake.